Kaye de sharje: mzigo ni wa nani?

Tangu mwaka 2018 neno moja la Kifaransa limeingia katika kila nyumba ya Kolwezi bila kupiga hodi. Ni neno «charge». Lilipita kwa mlango wa sheria: Sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kode ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, inalazimisha kampuni inayochimba ipatane na wenyeji na kuandika mapatano hayo katika karatasi inayoitwa «cahier des charges». Leo, uende Kapata, uende Luilu ao Musonoie, ufike mpaka Fungurume, hakuna mtu anayesumbuka kutamka jina lote. Wanasema «kaye de sharje», na wenye haraka wanasema «kaye» tu. Mama anayeuza mikate kando ya barabara atauliza: «Na kaye yetu, iliishia wapi?» Neno limekuwa la kwetu. Lakini ukimwuliza mama huyo, na jirani yake, na kijana anayechimba kobalti, kila mmoja atakupa maana yake, na maana hizo hazielekei njia moja.

Kuna watakaouliza neno la sheria linatafuta nini katika kitabu chetu cha mila. Bon. Kutafsiri ni mila ya zamani hapa kuliko ngoma nyingi tunazozisifu. Kolwezi ni mji wa watu waliokuja juu ya kazi, na hakuna jambo kubwa linalokatwa hapa kwa lugha moja. Kifaransa ni cha ofisi, Kiswahili ni cha wote, na wazee wanarudia jambo kwa Kisanga, Kindembo, Kilunda, Kichokwe ao Kiluba mbele ya kukubali. Katikati anasimama mtu mmoja: zamani karani ao kapita, kisha katekista ao mwalimu, leo mara nyingi kijana mwenye diploma aliyeitwa asubuhi ileile. Tunawasifu waimbaji, tunawapima wachongaji, tunabishana usiku mzima juu ya wapiga ngoma. Huyu anayetafsiri, ambaye neno lake linaweza kuuza shamba la watu, hatumpimi hata siku moja. Sisi tunaona kazi yake ni kazi ya kuhukumiwa sawa na nyingine. Basi tuihukumu.

Tuanze na neno lenyewe. Asili yake ni ya Kilatini, na maana ya kwanza ni kupakia gari. Si gari ya mota, ile ya kukokotwa na mnyama. Kutoka hapo Wafaransa wameliacha lizae. Shehena ya lori ni charge. Baruti inayoingizwa katika tundu la mwamba mbele ya kulipua ni charge. Pesa zinazotoka katika hesabu ya kampuni ni charges. Watoto wanaolishwa na mfanyakazi ni «enfants à charge». Shahidi anayekuangusha mbele ya hakimu ni «témoin à charge». Mtu aliyepewa kusimamia jambo fulani ni «chargé» wa jambo hilo. Na simu ikizimika, unatafuta sharje. Mfaransa hasikii fujo yoyote hapo, kwa sababu nyuma ya maana zote anaona picha moja: kitu kimewekwa juu ya kingine.

Kiswahili hakina nyumba moja ya kuwalaza wote hao. Kinagawa: shehena, baruti, gharama, watoto wa kulisha, mashitaka, usimamizi, na kwa simu kinakopa. Huku kwetu tumekopa kwa Wafaransa, tunasema kusharje. Watanzania na Wakenya wamekopa neno lilelile kwa Waingereza, wanasema kuchaji. Hata Wajapani wamelikopa kwa Waingereza: chaji kwao ni kuongeza pesa katika karta ya kupandia treni, lakini kwa betri ya simu wameshika neno lao wenyewe, juden. Kumbe mtu anayekopa neno hakopi nyumba nzima, anakopa chumba kimoja. (Na ndani ya betri hiyo ya Mjapani pengine mna kobalti iliyotoka chini ya miguu yetu, lakini hiyo ni habari ya siku ingine.)

Anayetafsiri katika mkutano hana nafasi ya kufikiri yote hayo. Amesimama chini ya mwembe, mkubwa wa kampuni amesema dakika kumi bila kupumua, watu wanamtazama. Anachukua neno la kwanza linalokuja, na linalokuja kwanza ni mzigo. «Hii ni kitabu ya mizigo.» Tumelisikia hilo mara nyingi, na lina sura nzuri: ni neno la kila mtu, tena ni maana ya kwanza kabisa ya lile la Kifaransa. Ndiyo maana linadanganya vizuri.

Mzigo ni neno la misafara. Wakati wa Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, shaba na pembe za ndovu zilitoka Katanga kwenda pwani ya mashariki na ya magharibi juu ya mabega na vichwa vya watu. Kisha Wabelgiji wakaja, na mzigo ukabaki palepale juu ya kichwa kilekile. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, ameonyesha namna vitabu vidogo ambavyo Wazungu wa Katanga walijifunzia Kiswahili vilivyojaa maneno ya kuamuru. Ndani ya lugha ya namna hiyo neno mzigo lilikomaa huku kwetu. Sikio la mtu wa Kolwezi likisikia mzigo, halijiulizi nani atabeba. Linajua.

Kwa hiyo «kitabu ya mizigo» inageuza mambo miguu juu. Katika Kifaransa cha sheria mbebaji anajulikana mbele ya mtu kufungua karatasi: ni kampuni. Katika Kiswahili cha mkutano mbebaji anapotea njiani, na wazee wanarudi nyumbani wakifikiri wamesomewa orodha ya magumu watakayovumilia wao: vumbi, lori, kelele za mashini, kuhamishwa. Ni kweli magumu hayo yapo, lakini siyo yaliyoandikwa mule. Watu wa pwani wana methali isemayo mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni ile pamba nyepesi ya mti, ya kujaza mito. Mtafsiri akiacha kusema mzigo ni wa nani, anaufanya kanda la usufi kwa pande zote mbili: kampuni inaona ni wa wenyeji, wenyeji wanaona ni wa serikali, na hakuna anayesikia uzito.

Wengine, hasa vijana waliosoma uchumi, wanasema «kitabu cha gharama». Katika hesabu neno hilo ni sahihi kabisa, na kamusi zitawatetea. Lakini wamehama meza: wametutoa kwenye meza ya mapatano wakatupeleka kwenye meza ya mhasibu. Gharama inauliza swali moja tu, franga ngapi zimetoka? Kisima kilichokula mara tatu ya bei yake na hakitoi maji, katika kitabu cha gharama kimejaa vizuri. Katika kaye de sharje kisima hicho ni sifuri, maana kilichoandikwa pale ni maji. Hatudhani vijana hao wana nia mbaya. Wametafsiri neno walilofundishwa darasani badala ya neno lililokuwa mbele yao.

Neno jirani limeumia vivyo hivyo, tulitaje kwa haraka. Sheria ileile ya 2018 inataka kampuni itoe kila mwaka angalau 0,3% ya «chiffre d'affaires» kwa miradi ya maendeleo ya wenyeji. Kuna wanaotafsiri «faida». Hapana! Chiffre d'affaires ni mauzo, franga zote zilizoingia mbele ya kutoa hata moja. Faida inaweza kuandikwa sifuri miaka kumi mfululizo. Mauzo hayawezi kuwa sifuri wakati lori zinapita usiku na mchana. Mwenye kusema faida amefuta mstari mzima wa sheria kwa neno la silabi tatu. Na mchango wenyewe unaitwa «dotation», neno ambalo katika mikutano linageuka «zawadi» bila mtu kushtuka.

Zawadi, msaada, ahadi: haya matatu ni ndugu, na sisi tunayaogopa kuliko mzigo. Mzigo angalau ni kitu kizito. Msaada unakuja na utepe wa kukatwa, na picha, na nyimbo za watoto wa masomo waliosimama juani tangu saa mbili. Katika Kiswahili anayepokea msaada anashukuru, hahesabu. Ni adabu, na adabu hiyo tumelelewa nayo. Ahadi nayo inamtukuza mtoaji: akiitimiza ni mtu mwema, asipoitimiza ni mtu mwenye shida, tumngojee. Hakuna ahadi inayopelekwa tribunali. Sasa mtafsiri anayeita kaye «kitabu cha misaada ya kampuni» hajakosea neno tu. Amewafunga watu mdomo kwa adabu yao wenyewe.

Lakini kuna maana moja ya charge ambayo watu wa sheria hawaioni, na wazee wa kambi wanaiona mbele ya nyingine zote. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na Gécamines iliyoirithi baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, hazikulipa mshahara peke yake. Kulikuwa posho ya unga, nyumba ya kambi, hospitali, masomo ya watoto, hata mahali pa akina mama kujifunza kushona. Kwa Kifaransa hiyo yote iliitwa «prise en charge», na katika Kiswahili cha kambi ni jambo la neno moja: kampuni inatubeba. Mtoto wa mfanyakazi alikuwa «à charge», yaani anabebwa. Sikilizeni vizuri: ni neno lilelile, ila mara hii mzigo ni sisi wenyewe, na anayebeba ni kampuni.

Kisha tukateremshwa. Kuanzia mwaka 2003, katika mpango uliofadhiliwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kazini, na kuondoka huko kuliitwa kwa hiari. (Neno hiari nalo lingetaka makala yake, lakini tusitawanyike.) Jamaa zilizozoea kubebwa vizazi viwili ao vitatu zilijikuta zinatembea kwa miguu. Sasa mzee wa namna hiyo, akisikia tena charge mwaka 2018, mnafikiri anaelewa nini? Anaelewa kwamba wanarudi kumbeba. Anangojea posho. Kaye inapofika na kusema habari ya kisima kimoja na vyumba sita vya masomo, anaona ameibiwa, hata kama yote yaliyoandikwa yamefanywa. Hatumcheki. Maana aliyo nayo ameilipia kwa maisha, na haipungui thamani kwa sababu haiko katika sheria. Ila mtafsiri anapashwa kuijua, na kuijibu kwa mdomo wazi mbele ya kusoma mstari wa kwanza: kaye haibebi mtu na jamaa yake, inataja kazi, mahali pa kila kazi, na wakati wake. Asiyefanya hivyo anapanda ugomvi utakaochipuka miaka miwili mbele, ao mitatu.

Tutafsiri namna gani basi? Wengi wanasema tuache tu, kaye de sharje ibaki kaye de sharje. Hatuwabezi. Watu wa Katanga wanajua kukamata neno la Kifaransa na kulipa kazi mpya. Mwaka 1965, mule Élisabethville, watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha kwetu, iliyoandikwa na André Yav, wakaiita Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Ukiifungua hukuti orodha ya maneno, unakuta historia. Walilitaka neno hilo, wakalitumia walivyotaka, na limesimama. Lakini wale walikuwa wanaandika mambo yao wenyewe. Kaye imeandikwa na watu wawili, na mmoja wao ana avoka wa kumweleza kila neno la Kifaransa. Kuacha jina bila tafsiri ni sawa, basi maelezo ya jina yasiachwe.

Wenye kupenda Kiswahili sanifu wanaleta «daftari la masharti». Kwa Dar es Salaam pengine ni safi. Kwetu mtoto anabeba kaye kwenda masomo, habebi daftari. Tena masharti, katika masikio yetu, ni maneno ambayo mwenye nguvu anamwekea asiye na nguvu. Mwenye nyumba anamwekea mpangaji masharti, kampuni inamwekea anayetafuta kazi masharti. Njia imegeuka tena. Neno «wajibu» linaelekea upande unaofaa, lakini limekaa sana kanisani: ni wajibu wa mtoto kwa wazazi, wa mkristo kwa jirani, jambo la dhamiri lisilo na tarehe. «Deni» tunalipenda, tuseme ukweli. Lina mwenye kudai na mwenye kudaiwa, na hakuna anayempigia mtu makofi kwa kulipa deni. Shida yake ni kwamba kila mtu atauliza franga ngapi, na hapo tumerudi kwa mhasibu.

Tulifikiri sana juu ya neno dogo ambalo Kiswahili chenyewe kinatumia kwa kazi hii kila siku: «juu ya». Katika mapatano ya nyumba Mfaransa anaandika kwamba maji na umeme ni «à charge du locataire». Sisi tunasema maji na umeme ni juu ya mpangaji, na hakuna anayekosea. Picha ni ileile ya Mfaransa, kitu juu ya kingine, na mbebaji anatajwa palepale. Lingekuwa jibu kamili kama tungekuwa Mombasa. Lakini Kiswahili cha Katanga kimelipa «juu ya» kazi zingine nyingi: juu ya nini ni kwa sababu gani, na kusema juu ya mtu ni kusema habari zake. Ukisoma mbele ya watu wa Kapata «mambo ya juu ya kampuni», watasikia masengenyo ya kampuni, na watasogea karibu kwa hamu. Katika sentensi moja ya mpangaji na umeme wake linafaa. Kwa jina la karatasi, hapana.

Linabaki tendo ambalo kila mtu hapa analo mdomoni, na ambalo tumekwisha kulitumia mara moja hapo juu bila msomaji wa kwetu kusimama: kupashwa. «Tunapashwa kwenda.» «Anapashwa kulipa.» Halina utukufu wa wajibu wala harufu ya zawadi. Haliwezi kusemwa bila kutaja nani anapashwa, na hapo ndipo nguvu yake: sarufi yenyewe inamlazimisha mtafsiri amtaje mbebaji, hata akitaka kumficha. Basi sisi tungesoma hivi: «Hii ni kaye ya mambo ambayo kampuni inapashwa kutufanyia, na wakati wa kila jambo.» Ni maneno mengi mahali pa matatu ya Kifaransa. Na iwe hivyo. Mazoea ya kutaka jina kwa jina, fupi kwa fupi, ndiyo yaliyotuletea «kitabu ya mizigo». Kifaransa kinapenda kufunga jambo ndani ya jina na kulipiga muhuri. Kiswahili kinapenda tendo, na mtu wa kulitenda.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la serikali. Kifungu cha 142 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinaitaka serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu kutangazwa kwake. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Kwa hiyo anayetafsiri Kode ya Madini chini ya mwembe hafanyi hisani; anafanya kazi ambayo Katiba imeiweka kwa serikali, na anaifanya bila karatasi mkononi. Siku tafsiri ya kazi hiyo itakapoandikwa kwa ajili ya Lualaba, tunaomba walioko mezani wasiagize Kiswahili kizima kutoka pwani. Mtanzania akikuta mule «kampuni inapashwa» atakunja uso, maana kwake kinachopashwa ni habari, ao moto: atafikiri chakula cha jana. Haidhuru. Kaye siyo yake.